Kura za Korogwe, Kalamu ya Ikulu

Korogwe Mjini si jimbo la mtu kuzeekea. Kuanzia uchaguzi wa 2005 hadi ule wa 2020 wapiga kura wake walikwenda vituoni mara nne, na kila mara wakarudi na mbunge mpya: Joel Bendera, Yusuf Nassir, Mary Chatanda, Alfred Kimea. Wote wanne ni wa CCM, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema upinzani ndio uliovuruga mambo. Ni chama kilekile, rangi zilezile za kijani na njano, ila sura haikai ukutani ikafifia.

Ukifuata lami ya kilomita 65 kwenda Handeni unaingia katika siasa nyingine kabisa. Huko Dk. Abdallah Kigoda alichaguliwa mwaka 1995 na akabaki mbunge kwa miaka ishirini. Alikuwa waziri wakati wa Benjamin Mkapa, akawekwa kando katika miaka ya mwanzo ya Jakaya Kikwete, akarudi barazani Mei 2012 kushika Viwanda na Biashara, na katika kupanda na kushuka kote huko Handeni haikumwacha. Alifariki India Oktoba 2015, kampeni zikiwa zimepamba moto, uchaguzi wa jimbo lake ukaahirishwa, na ulipofanyika mshindi akawa mwanawe, Omari. Kiti kilitoka katika nyumba hiyo mwaka 2020 tu, kikaenda kwa Reuben Kwagilwa.

Miji miwili ya jirani, mkoa mmoja, chama kimoja. Kwa nini mmoja ung'ang'anie na mwingine uachie? Sehemu ya jibu ni mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kando yake yakaota mashamba makubwa: Ngombezi, Magunga, Kwamdulu, Kwashemshi, Mazinde. Mashamba yalihitaji watu, na watu waliletwa kama manamba kutoka Songea, Kigoma, Njombe, hata ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hawakurudi makwao. Mkonge ulipoporomoka baada ya miaka ya sitini, wajukuu wa manamba walibaki pamoja na Wasambaa, Wazigua na Wabondei, na mji ukawa wa kila mtu. Katika mji wa namna hiyo hakuna ukoo unaoweza kumhakikishia mgombea chochote. Handeni, ambayo reli haikuigusa, ilibaki kwa kiasi kikubwa nchi ya Wazigua, na mwanasiasa aliyejua kuzungumza na wazee wa vijijini aliweza kudumu.

Sura hii inamhusu Bendera, wa kwanza katika ile orodha ya wanne. Naibu Waziri aliyekataliwa nyumbani, kisha akapewa mkoa mzima autawale, halafu akapewa mwingine. Nimemchagua kwa sababu safari yake inaonyesha kitu ambacho vitabu vyetu vya uraia hukipita haraka: nchini Tanzania kuna ngazi mbili za siasa, ya kura na ya uteuzi, na mtu akiteleza katika ya kwanza mara nyingi hukuta mguu wake umekanyaga ya pili.

Kabla ya siasa kulikuwa na mpira. Agosti 1979 nchi ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya Kagera. Amin alikuwa amekimbia, hazina ilikuwa imekauka, na Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Ndipo Taifa Stars ilipopangiwa Zambia katika hatua ya mwisho ya kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika. Dar es Salaam tulishinda 1-0 kwa bao la Mohamed Rishard, yule aliyeitwa Adolf. Kwenye marudiano Ndola, Zambia ilitangulia, uwanja ukalipuka, na ilipoonekana mambo yamekwisha Peter Tino akasawazisha. Sare ya 1-1, na Tanzania ikakata tiketi ya Lagos. Kocha aliyeiandaa timu hiyo alikuwa Joel Nkaya Bendera.

Lagos kwenyewe, Machi 1980, kocha mkuu alikuwa Slawomir Wolk kutoka Poland, na Bendera akawa katika benchi la ufundi kama msaidizi. Nigeria walitufunga 3-1 katika mechi ya ufunguzi, Misri wakatufunga 2-1, na tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja, mkiani mwa kundi. Lakini nani anakumbuka mkia? Kilichokumbukwa ni kwamba tulifika. Na kwa kuwa miaka iliyofuata timu ilishindwa kurudi, sare ya Ndola iliendelea kupanda bei. Rais Ali Hassan Mwinyi aliifananisha Taifa Stars na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa. Kadiri vinyozi walivyoongezeka, ndivyo jina la Bendera lilivyong'aa. Nadhani hakuna kocha mzalendo aliyenufaika na kushindwa kwa waliomfuata kuliko yeye, na nasema hivyo bila kumkejeli. Mwanasiasa anahitaji jambo moja ambalo watu watamtambulisha nalo wanapomwona akishuka garini. Bendera alikuwa nalo muda mrefu kabla ya kuomba kura.

Katika Bunge la 2005 hadi 2010 aliketi kama mbunge wa Korogwe Mjini. Edward Lowassa alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 na Kikwete akaunda baraza upya, Wizara ya Habari, Utamaduni na Michezo ilikuwa chini ya Kapteni George Mkuchika, na naibu wake alikuwa Bendera. Ilikuwa wizara iliyomkaa. Uwanja mpya wa Taifa wenye viti elfu sitini ulikuwa umefunguliwa mwaka uliotangulia. Kikwete alikuwa amemleta kocha Marcio Maximo kutoka Brazil, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wanawake na watoto walikuwa wanakwenda uwanjani wakiwa wamevaa jezi za nchi yao.

Februari 2009 Stars walikwenda Ivory Coast kwa fainali za kwanza za CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Walifungwa na Senegal, wakawafunga wenyeji kwa bao la Mrisho Ngassa, na mechi ya mwisho ilikuwa na Zambia. Tulikuwa tunaongoza kwa penalti ya Shadrack Nsajigwa, filimbi ikisubiriwa, Zambia wakasawazisha. Sare ya 1-1, na safari hii sare hiyo ilitutoa. Naibu Waziri aliyejenga jina lake kwa 1-1 dhidi ya Zambia akaishia kushuhudia 1-1 nyingine dhidi ya Zambia ikiwarudisha vijana nyumbani.

Juni 7, 2010, Brazil walikuja Dar es Salaam wakijiandaa kwa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, wakatufunga 5-1, na taifa zima likasherehekea lile bao moja. Kwa naibu waziri wa michezo hiyo ingepaswa kuwa kilele. Wiki nane baadaye hakuwa tena mgombea wa jimbo lake.

Hapa inafaa kusimama, maana kura za maoni za CCM za Agosti 1, 2010 ni moja ya siku muhimu zaidi katika siasa za chama hicho ambazo hazikuhusu urais. Zamani mgombea ubunge alipatikana kwa kura za wajumbe wa mkutano wa jimbo, mamia machache ya watu. Wajumbe hao walijulikana kwa majina. Mbunge aliyekuwa madarakani alijua nani anasomesha mtoto, nani ana mgonjwa, nani anahitaji nauli. Kwa miaka kadhaa hata sheria ilikuwa inaruhusu kitu kilichoitwa takrima, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipokitupa nje mwaka 2006. Sasa mwaka 2010 chama kikaamua kila mwanachama mwenye kadi apige kura katika tawi lake. Kutoka mamia hadi maelfu kwa mara moja. Na Machi mwaka huohuo Rais alikuwa ametia saini Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyotaka kila senti ya mgombea ijulikane.

Nia ilikuwa kuua rushwa: huwezi kuwanunua watu elfu kumi kama unavyowanunua mia tano. Kama rushwa ilikufa ni hadithi ya sura nyingine. Kilichokufa kwa hakika ni uhakika wa vigogo. John Malecela, waziri mkuu wa zamani, aliangushwa Mtera na Livingstone Lusinde, kijana mwenye mdomo mkali. Bumbuli, si mbali na Korogwe, mkongwe William Shellukindo aliangushwa na January Makamba. Na Korogwe Mjini kadi zilimpa Yusuf Nassir. Naibu Waziri akabaki nje.

Kuna kejeli ndogo ndani yake. Katibu Mkuu wa CCM aliyesimamia zoezi hilo, na ambaye mwanawe ndiye aliyeshinda Bumbuli, alikuwa Yusuf Makamba, mtu wa mkoa huohuo wa Tanga, aliyefika kwenye kiti hicho mwaka 2006 akitokea ukuu wa mkoa wa Dar es Salaam. Aliyekuwa mkuu wa mkoa alisimamia kura zilizomwangusha mkuu wa mkoa mtarajiwa. Wakati huo hakuna aliyelijua hilo, pengine hata Bendera mwenyewe.

Mwaka huohuo Korogwe Vijijini ilimchagua Stephen Ngonyani, mganga wa jadi aliyefahamika nchi nzima kwa jina la Profesa Majimarefu. Waandishi wa Dar es Salaam walicheka sana. Wilaya yaacha kocha wa taifa, yachukua mganga! Walisahau kwamba Ngonyani, mwenye jina la Kingoni katikati ya nchi ya Wasambaa na Wazigua, alikuwa amekaa na watu hao kwa miaka, akiwasikiliza matatizo ambayo mtu hamwambii naibu waziri. Alichaguliwa tena 2015 na alikuwa bado mbunge alipofariki Julai 2018. Ukitaka kujua Bendera alikosa nini, mwangalie Ngonyani alikuwa na nini. Naibu waziri hulala Dar es Salaam au Dodoma, na mwishoni mwa wiki yuko Mwanza anafungua bonanza. Jimboni anafika akiwa na msafara, anaondoka na msafara. Kura za wajumbe zinaweza kuvumilia hilo. Kura za kadi hazivumilii.

(Kwa wanaodhani mwanachama wa kawaida ni mkatili kuliko mjumbe: mwaka 2020 chama kilirudisha kura za maoni kwa wajumbe, na waliopata kura sifuri au moja, yao wenyewe, wakaiachia mitandao msemo kwamba wajumbe si watu wazuri. Kila mfumo una wahanga wake.)

Mwaka mmoja ukapita. Septemba 2011 Ikulu ikatoa orodha ya wakuu wa mikoa, kile ambacho siku hizi vijana wanakiita mkeka. Miongoni mwa majina: Leonidas Gama, Kilimanjaro, Said Mecky Sadik, Dar es Salaam, Chiku Galawa, Tanga, Joel Bendera, Morogoro.

Tuangalie kilichotokea hapo. Wakazi wa Korogwe walikuwa wamesema, kupitia wanachama wa chama tawala, kwamba hawamtaki tena Bendera awasemee bungeni. Mbunge wa Korogwe Mjini ni mwakilishi wa mji mmoja. Mkuu wa mkoa wa Morogoro, kwa wakati ule, alikuwa na wilaya sita chini yake, kutoka milima ya Gairo hadi bonde la Kilombero na misitu ya Ulanga. Aliyekosa mji alipewa mkoa ambao ni miongoni mwa mikubwa nchini. Na watu wa Morogoro hawakuulizwa, kama watu wa Korogwe wasivyoulizwa kuhusu Galawa.

Hilo halikuwa kosa la mtu yeyote. Ndivyo cheo kilivyoundwa. Baada ya Uhuru, Serikali ilipoyaondoa majimbo ya kikoloni na mabwana wakubwa wake wa Kizungu, iliweka mikoa, na kila mkoa ukapewa mkuu ambaye pia alikuwa katibu wa TANU wa mkoa huo. Chama na Serikali vilivaa shati moja. Kwa miaka mingi wakuu wa mikoa waliingia hata bungeni kwa wadhifa wao, bila kugombea popote. Angekuwa mkuu wa mkoa katika zama hizo, Bendera angerudi mjengoni kwa mlango wa nyuma na kukaa mita chache kutoka kwa aliyemwangusha. Mfumo wa vyama vingi ulifunga mlango huo, lakini Katiba bado inasema kwamba Tanzania Bara wakuu wa mikoa huteuliwa na Rais kwa kushauriana na Waziri Mkuu. Mkuu wa mkoa ni Rais aliyepunguzwa ukubwa ili atoshe mkoani. Anaongoza Kamati ya Ulinzi na Usalama, yenye kamanda wa polisi na wenzake. Anaongoza Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Anaingia Kamati ya Siasa ya CCM. Na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mamlaka ya kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48.

Pamoja na hayo yote, fedha hana. Zahanati, madarasa: hivyo viko mikononi mwa halmashauri na madiwani wake, ambao walichaguliwa. Katibu Tawala wa mkoa ndiye mwenye vitabu vya hesabu. Mkuu wa mkoa anaweza kumweka diwani ndani siku mbili lakini hawezi kumjengea choo cha shule. Kwa hiyo kazi yake ya kila siku ni kuamrisha, kusuluhisha, kukagua, kukemea, kupokea wageni na kuzika. Mtu aliyewahi kufundisha mpira ana maandalizi mazuri kwa kazi hiyo kuliko mwanasheria.

Morogoro haikumpa Bendera muda wa kupumua. Mkoa huo umekuwa uwanja wa mapigano ya wakulima na wafugaji kwa kizazi kizima. Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa. Chanzo hakina fumbo. Mabonde ya Morogoro yana maji wakati kwingine kumekauka. Mfugaji aliyefukuzwa na ukame au na mashamba makubwa ya kaskazini hufuata maji hayo akiwa na mamia ya ng'ombe. Mkulima aliyepanda mpunga bondeni huamka na kukuta shamba limeliwa. Serikali ya kijiji imeshamkaribisha mfugaji, mara nyingine kwa ada isiyoandikwa popote. Polisi wako mbali. Basi mapanga na mikuki vinafanya kazi ya mahakama.

Oktoba 2012 Serikali ilianza operesheni ya kuondoa mifugo katika bonde la Kilombero, ardhi oevu ambayo tangu 2002 inatambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Hoja ya wahifadhi ilikuwa nzito, kwa kuwa Kilombero hulisha Rufiji. Hoja ya wafugaji nayo ilikuwa nzito: ng'ombe hana kituo cha basi cha kusubiria. Mkuu wa mkoa ndiye aliyesimama katikati, akitekeleza uamuzi ambao haukufanywa mkoani kwake. Mwaka uliofuata, Novemba 2013, wakulima na wafugaji wakauana Mvomero, katika bonde la Mgongola upande wa Hembeti. Operesheni ilikuwa imehamisha ng'ombe. Ugomvi ulibaki.

Agosti 27, 2012, mjini Morogoro, polisi walizuia maandamano ya CHADEMA, na katika vurugu hizo muuza magazeti mmoja akapoteza maisha. Siku sita baadaye mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Iringa, na tukio la Morogoro likafunikwa na zito zaidi. Mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa ni mkuu wa mkoa; hilo halimfanyi awe aliyefyatua chochote, lakini linamfanya awe wa kuulizwa. Mbunge huulizwa na wapiga kura kila baada ya miaka mitano. Mkuu wa mkoa huulizwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo anaweza kuuliza usiku wa manane au asiulize kabisa.

Januari 2014 mvua zikaja kwa hasira. Mafuriko yaliikumba Dumila na vijiji vya Kilosa na Mvomero, daraja la mto Mkundi likakatika, na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ikafungwa. Malori na mabasi yalipanga foleni pande zote mbili, familia zikalala kwenye mahema. Ni siku za namna hii ambazo mtu huelewa kwa nini nchi ina wakuu wa mikoa. Diwani hawezi kuita jeshi lijenge daraja la muda. Mbunge anaweza kupiga kelele tu. Mkuu wa mkoa ananyanyua simu na vyombo vya dola vinakuja. Wanaotaka cheo hiki kifutwe, na hoja zao ninazikubali kwa sehemu kubwa, wanapaswa kwanza kutuambia nani atanyanyua simu hiyo.

Mwishoni mwa 2014 Kikwete aliwapanga upya wakuu wa mikoa na Bendera akahamishiwa Manyara. Mkoa huo ulizaliwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Arusha, makao yake yakiwa Babati, na kama ni mapigano ya ardhi, Kiteto ilikuwa tayari na yake. Alimaliza enzi ya Kikwete huko. John Pombe Magufuli alipopanga wakuu wake Machi 2016 aliwaacha wengi pembeni, lakini Bendera alibaki. Septemba 20, 2017, Rais huyo alifungua barabara ya KIA hadi Mererani na papo hapo akaagiza jeshi lijenge ukuta kuzunguka migodi ya tanzanite. Mererani iko Simanjiro, na Simanjiro iko Manyara. Amri kubwa kuliko zote zilizopata kutolewa kuhusu madini hayo ilitolewa mkoani kwa Bendera, na mtekelezaji akawa JKT. Hapo unaona kipimo halisi cha cheo: jambo kubwa likija, mkuu wa mkoa anakuwa mwenyeji.

Oktoba 26, 2017 ukatoka mkeka mwingine. Bendera alistaafu, na Manyara ikapewa Alexander Mnyeti, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Arumeru. Desemba 6, Bendera alifariki Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wiki sita hazikutimia tangu aache kazi. Magazeti ya siku iliyofuata yalimkumbuka kwa Lagos kwanza, kisha kwa Korogwe, kisha kwa mikoa, na nadhani mpangilio huo ungempendeza. Taifa Stars waliporudi hatimaye katika fainali za Afrika, kwa kuwafunga Uganda 3-0 Machi 2019, miaka 39 ilikuwa imepita tangu Lagos.

Baada ya Bendera, kilichokuwa mkasa wa mtu mmoja kikawa karibu desturi. Aggrey Mwanri, naibu waziri, aliipoteza Siha mwaka 2015. Machi 2016 akawa mkuu wa mkoa wa Tabora, na hotuba zake zikampa umaarufu ambao ubunge haukuwahi kumpa. Dk. Stephen Kebwe, naibu waziri wa afya, aliipoteza Serengeti. Akapewa Morogoro, kiti kilekile alichokalia Bendera. Mnyeti alikwenda kinyume: alitoka Manyara 2020, akagombea Misungwi, akaingia bungeni. Njia inapitika pande zote mbili, ila upande wa kushuka kutoka jimboni kwenda mkoani ndio wenye msongamano.

Na mkoa wa Tanga, uliomtoa mmoja kwenda kutawala kwa wenzao, nao ukapokea waliokataliwa kwingine. Juni 2022, familia za Wamaasai kutoka Ngorongoro zilipoanza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, katika uhamisho uliozungumzwa hadi Ulaya, mkuu wa mkoa wa Tanga alikuwa Adam Malima, naibu waziri wa zamani aliyekuwa ameipoteza Mkuranga kwa Abdallah Ulega mwaka 2015. Mwezi uliofuata Malima alihamishwa, akaja Omary Mgumba. Huyu alikuwa mbunge wa Morogoro Kusini Mashariki na naibu waziri wa kilimo, mpaka mwaka 2020 kiti chake kilipochukuliwa na Hamisi Taletale, yule meneja wa wanamuziki anayeitwa Babu Tale. Yaani Korogwe ilimkataa mtu akaenda Morogoro, na Morogoro ikamkataa mtu akaja Korogwe. Mwaka 2024 kiti cha Tanga kilimfikia Dk. Batilda Burian, ambaye mwaka 2010, mwaka uleule wa Bendera, aligombea Arusha Mjini na kushindwa na Godbless Lema.